Mama Capitoline na Mkono Aliouonyesha Njiani

Mama Capitoline alizaliwa Makobola tarehe 9 Februari 1939, binti wa kwanza wa mvuvi Étienne na mke wake Léocadie. Mkono wake wa kushoto ulikuja duniani bila vidole. Mama yake aliufunika kwa kitambaa, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeuona.

Alisoma kwa masista Uvira hadi mwaka wa tano. Alikuwa na mwandiko mzuri, lakini mguu wake haukutulia darasani. Akaacha shule, akaanza kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, leo Uvira, kesho Kamanyola, kitenge kimezungushwa mkononi. Siku ya uhuru wa Kongo, watu walipocheza barabarani wakishikana mikono, yeye alitazama akiwa mlangoni.

Mwaka 1961 alifunga ndoa na Herménégilde, mkulima wa mpunga wa Kiringye, wakakaa Uvira. Mei 1964 mume wake alikuwa shambani kwao Kiringye waasi walipoingia Uvira na barabara ikafungwa. Wiki zikapita bila habari. Mama Capitoline hakulala wala hakukaa. Asubuhi moja alibeba kikapu.

“Utaenda wapi na mukono huo?” mama yake Léocadie alilia.

“Ninaenda kutafuta bwana yangu.”

Kwenye barieri ya kwanza, kizuizi cha waasi barabarani, kijana mwenye bunduki aliona kitenge kile akarudi nyuma.

“Weye mama! Iko nini humo? Grenade? Toa mukono!”

Alisita. Kijana akainua bunduki. Mbele ya umati wa wakimbizi, mama akafungua kitenge, macho yake chini, akingoja kicheko.

“Ni huo tu?” kijana akauliza.

“Ni huo tu. Minye nilizaliwa hivi.”

“Pita, mama. Unachelewesha watu.”

Alipita. Baadaye alitusimulia sisi jamaa zake kwamba alicheka peke yake njiani, kisha akashikwa na hasira iliyomfanya akaribie kukimbia. Miaka yote ile! Wale watu walikuwa wanaogopa risasi na njaa. Nani alikuwa na nafasi ya kuogopa mkono wake? Kwenye barieri ya pili aliutoa kabla hajaulizwa. Jua lilipokuwa kali, alikunja kile kitenge kuwa ngata, akajitwika kikapu kichwani.

Alimkuta mume wake Kiringye, amejificha kwenye mpunga, mwili unachemka kwa homa. Herménégilde alitazama mkono uliokuwa wazi mchana kweupe.

“Kitenge iko wapi?”

“Iko ku kichwa. Simama, tuende.”

Alimshika kiuno kwa mkono ule ule, wakavuka mto Ruzizi, wakaishi Burundi hadi 1967. Waliporudi, alishika tena njia ya Kamanyola, na kila aliyekutana naye, mama alimsalimu kwa mikono yake miwili.

Mzee alitangulia mwaka 1991. Mama aliugua moyo tangu mwaka jana; miguu ikavimba. Hata hivyo kila asubuhi alimuagiza binti yake Honorine amletee viatu, na kila asubuhi waligombana. Alfajiri ya tarehe 14 Machi 2009, hapa Uvira, alivivaa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakata roho akiwa ameketi.

Ameacha watoto wawili, Protais na Honorine, dada yake Bernardine, wajukuu na vitukuu.

Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliomba.