Mkono Ule Ulioshika Bahasha

Mheshimiwa Afisa wa Afya wa Kaunti, Bwana Chifu, Mchungaji na Sheikh wetu, Mzee Wehliye uliyetuazima viti hivi tunavyovivunja, ndugu wageni waalikwa, wazazi wangu wa Baba Dogo, na nyinyi wasee wangu mliokwea ukuta kana kwamba kuna mpira: nawaamkua nyote kwa heshima. Niaje!

Nimepewa dakika tano nitoe shukrani kwa niaba ya vijana katika ufunguzi huu wa zahanati yetu. Bwana Chifu alipoona jina langu kwenye ratiba aliuliza, "Nzuki yupi? Yule wa darasa la saba?" Ndiye huyu. Mimi na darasa la nane tulipishana mlangoni. Lakini nitajieni msomi mmoja hapa anayeweza kusimama Soko la Burma saa saba mchana, akamwita mtu aliyekwisha kushiba, na mtu huyo akaingia akaagiza kilo nzima ya mbuzi choma. Hayupo. Sauti hii ndiyo digrii yangu.

Na sauti hii mliisikia kwingine pia. Mwezi wa tatu kwenye simu zenu iliingia video: "Wananchi, amkeni! Kikundi cha Fungua Mlango kinalipwa na mabeberu ili zahanati yenu isifunguliwe! Tazameni mkono wa bwana wao ukimpa mwenyekiti bahasha!"

Mbona mmeinama? Niliyesoma ni mimi, na mliosambaza ni nyinyi. Leo tuko sawa.

Jamaa wa kampeni ya mgombea mmoja alinikuta Burma, akanipeleka studio, akanishikisha karatasi. Picha sikuonyeshwa. Na mimi mnanijua: watu wawili wakinong'ona, mimi ni wa tatu. Mbona siku hiyo sikuuliza lolote? Nimelichunguza sana jambo hili, na nadhani ni mazoea ya kazi. Mbuzi yuko jikoni, mimi niko barabarani. Namsifu bila kumwona. Basi nikamtukana Mama Mwelu vivyo hivyo, bila kumwona.

Wageni wetu, Mama Mwelu ni yule pale nyuma, mwenye leso ya kijani, muuza akala za Kariokor, zile kandambili za matairi. Binti yake Mwelu alijifungulia juu ya mkokoteni, hatua mia mbili kutoka hapa, wakati zahanati hii imejengwa, imepakwa rangi, na imepigwa kufuli. Ndipo Mama Mwelu akaanzisha Fungua Mlango, aulize jambo moja tu: ufunguo uko kwa nani? Baada ya video, wateja walipita kibanda chake wakisema, "Hizo ni akala za mabeberu." Kikundi chake mwenyewe kikamvua uenyekiti.

Mimi video niliiona wiki mbili baadaye, kwenye simu ya mteja. Ule mkono wa bwana wa mabeberu ulikuwa na kidole gumba kisicho na ukucha. Nikatazama simu. Nikatazama mkono wangu. Ukucha wangu, kwa wasiojua, ulibaki kwenye gogo la kukatia nyama. Mteja naye akatazama, akacheka hadi akapaliwa. "Kumbe beberu ni wewe! Basi nyama hii lipa wewe!"

Picha ilipigwa uani mwa kanisa, siku niliyompa Mama Mwelu bahasha niliyotumwa na kikundi chake. Walinikata kwenye kiwiko. Mwili mzuri hivi, wakautupa!

Nikamwendea. "Mama, ule mkono ni wangu."

"Najua, Nzuki. Na hiyo sauti pia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani angenisikia? Wewe ndiwe unayesikizwa." Akaendelea kushona akala yake. Kisha akauliza, "Umekula?"

Waheshimiwa, afadhali angenipiga.

Jumamosi iliyofuata nilibeba kipaza sauti cha Burma, na bahasha ile aliyonirudishia, mpaka kwenye geti hili. Nikainua mkono huu, nikasema, "Beberu amekuja! Nani anataka kujua bahasha ilikuwa na nini?" Mtaa mzima ukatoka. Nani angebaki ndani? Nikaanza kusoma, maana ndani yalikuwa majina, majina matupu, ya watu mia tatu na kumi na wawili walioomba mlango ufunguliwe. Kila aliyesikia jina lake alisogea mbele. Nilipofika la arobaini na moja, nikasoma Shirleen, mke wa Gitonga. Na Gitonga ndiye aliyekuwa askari wa geti! Akafungua kwa haraka, aje amuulize mkewe lini alitia sahihi. Akasahau kurudisha komeo.

Tuliyoyaona ndani mnayajua. Vitanda vya kujifungulia vimefunikwa na marobota ya fulana za kampeni, kila fulana na uso wa mgombea yule yule, anatabasamu.

Leo zahanati inafunguliwa, na mwaliko wa mgombea ulipelekwa. Kiti chake ndicho kile kitupu. Lakini jambo moja halijafunguka. Mama Mwelu amekaa nyuma. Ratiba haina jina lake. Dada Halimo, wewe umeshika uenyekiti, na jana uliniambia kiti hicho kinakuchoma. Sema leo, watu wasikie.

Mheshimiwa Afisa, kwa unyenyekevu ambao sikuzaliwa nao, naomba mkasi wako umpe Mama Mwelu. Na fanyeni haraka, maana yule mtoto anayeuvuta utepe ndiye aliyezaliwa kwenye mkokoteni, na karibu aumalize kabla ya nyanya yake.

Mama, njoo mbele upokee tena. Bahasha ni ile ile, na mkono ni ule ule. Wenye simu, pigeni picha, anzeni kwenye kidole hiki mpandishe hadi usoni, na kwenye kiwiko msinikate.

Shukrani nilizotumwa nimezitoa kwake. Asanteni kwa kunitegea masikio, na safari ijayo mkiisikia sauti hii, niulizeni kwanza kama mbuzi nimemwona.