Bi. Kamanthe Musili na Maji ya Kwa Mulela

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Kamanthe Musili, msimamizi wa kitalu chetu cha miche katika Milima ya Iveti, anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Baadhi yetu tulizaliwa akiwa tayari kazini.

Alianza mwaka 1992 kama kibarua wa kunyunyizia miche maji. Aliyekuja kuomba mche hakupewa kabla ya kuulizwa shamba lake liko upande gani wa mlima. Upande wa mashariki hupata ukungu na udongo wake hushika unyevu. Upande wa magharibi jua hupiga hadi mawe yanatokeza. Bi. Kamanthe husema mlima ni mmoja lakini mashamba yake hayalali chini ya mbingu moja.

Dereva wetu, Bw. Dedan Kuria, alijaribu kubishana naye. Alikuwa amenunua shamba Katangi, kwenye joto, akataka miche ya avokado. Alipewa ya maembe. Akaficha miwili ya avokado chini ya kiti cha gari. Tangu hapo, kila Jumatatu Bi. Kamanthe alimuuliza mbele ya watu wote, "Kuria, wagonjwa wa Katangi wanaendeleaje?" Mwishowe Bw. Kuria akakiri, "Mama, tulishawazika." Maembe yake tunayala hadi leo.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya kukata miti.

Miaka ya tisini, kuni na fito zilipoadimika, yeye na kikundi cha akina mama walipanda mikaratusi kuzunguka chemchemi ya Kwa Mulela. Miti ilikua haraka, na fito zikasomesha watoto wengi. Kisha maji yakaanza kupungua, na mwaka 2016 chemchemi ikakauka kabisa. Akina mama wakawa wanateremka bondeni na punda kutafuta maji. Bi. Kamanthe aliwaendea kwenye mkutano akawaomba mikaratusi yote ikatwe, kwa sababu inakunywa maji mengi kuliko mlima unavyoweza kutoa.

Walikasirika. Mwenyekiti wao, Bi. Wanza, alimuuliza kama amezeeka hadi anaogopa miti. Bi. Kamanthe akajibu, "Niliipanda mimi. Nisiposema mimi kwamba tulikosea, nani atasema?" Walibishana miaka mitatu kabla ya kukubali, na hata baada ya kukubali, Bi. Wanza hakumsalimia tena, hata kanisani.

Miti ilikatwa mwaka 2019, na mahali pake ikapandwa mikuyu na mianzi. Visiki vya mikaratusi havifi kirahisi, kwa hiyo kila Ijumaa Bi. Kamanthe alipanda mlimani akiwa na panga kukata machipukizi. Chemchemi ilibaki kavu. Watu sokoni wakamtania, "Kamanthe, maji yako yanatoka Mombasa kwa miguu?" Alicheka nao, lakini aliwaambia wenzake kitaluni kwamba jambo moja lilimnyima raha: kustaafu kabla maji hayajarudi, na kuwaacha wale akina mama bila fito na bila maji.

Sisi tulioingia kitaluni mwaka huu, baada ya kumaliza kidato cha nne, tulimkuta akiwa na wasiwasi huo. Hata hivyo alitufundisha kujaza udongo na kuhamisha miche bila kutufokea, hata tulipokata mizizi kwa haraka zetu.

Novemba iliyopita palitokea tope Kwa Mulela, kisha vyura. Mwaka huu, mvua za Aprili zilipoisha, maji hayakuisha. Si mengi. Mtungi hujaa polepole, na wanaosubiri hupata nafasi ya kupiga gumzo.

Chai ya sherehe hii ya kumuaga itapikwa kwa maji hayo. Bi. Wanza mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda kuyateka, na ameomba pia kikombe cha kwanza ampelekee Bi. Kamanthe kwa mkono wake.

Asante, Bi. Kamanthe, kwa subira yako na kwa kutupenda. Ukiwa nyumbani kwako Masii, Mungu akupe afya, usingizi mzuri na mvua ya kutosha. Machipukizi ya Ijumaa tuachie sisi.

Ndila Muema, kwa niaba ya wafanyakazi wa kitalu