Argyro Hajawahi Kusema Kweli

Benchi la mbele ya mkahawa wa Despina, pale kona ya kupandia kanisani, lilijaa asubuhi hiyo kabla hata kahawa haijachemka. Manousos, mfuga nyuki, ndiye aliyewahi, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Wenzake wawili walijua sababu, maana jana walikuwa arusini pamoja. Stratis mpiga zeze aliimba mistari miwili ya mapenzi bila kumtaja mtu, akanyamaza, na kwa desturi yao anayeimbiwa ndiye hujibu. Aliyejibu ni Argyro, mke wa Manousos, papo kwa papo, kwa vina safi, na watu wakapiga makofi. Tangu hapo Manousos anaungua kwa wivu, wala haoni haya kuusema.

— Nilimwuliza tulipofika nyumbani: unampenda yule? Akaniambia, "Manousos, tangu unioe sijawahi kukuambia neno la kweli hata moja." Kisha akalala fofofo.

Sifis aliweka kikombe chini. Kijijini wanamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kushtakiana na jirani miaka saba kwa ajili ya mbuzi, akashindwa.

— Basi umepona, bwana. Fuata hapa. Kama alilosema ni kweli, tayari amekuambia neno la kweli, kwa hiyo si kweli. Limejiua lenyewe.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ni uongo. Lipo neno la kweli alilowahi kukuambia. Angalau moja.

— Lipi?

— Hapo mahakama haijafika.

Manousos alipekua miaka ishirini na mitatu. Argyro alimwambia anampenda, mara mbili. Alimwambia anakoroma, hiyo kila wiki. Na siku moja, akianika nguo, alisema Stratis ana vidole vizuri. Roho ilimchoma. Kama la kweli ni moja tu, isije ikawa hilo la vidole.

— Mnahangaika bure, alisema Lefteris, baharia mstaafu, ambaye kwa kukosa msimamo wamembandika jina la Huku-na-Kule. Neno linaweza kuwa kweli na uongo kwa pamoja.

— Acha masihara.

— Sina masihara. Kule Athene wanasema sisi Wakrete, watu wa kisiwa hiki, sote waongo. Nani aliwaambia? Mkrete. Sasa alidanganya au alisema kweli? Vyote viwili.

— Ukienda hivyo, alisema Wakili, hata mimi nilishinda ile kesi ya mbuzi.

— Ulishinda.

— Na nikashindwa.

— Ndiyo.

Wakili alifikiri kidogo, akaonekana kuanza kuipenda hoja.

— Kwa hiyo mke wangu ananipenda na hanipendi? aliuliza Manousos.

— Saa ile ile.

— Na Stratis?

— Naye vivyo hivyo.

— Lefteris, mimi sitaki vyote viwili. Nataka kimoja, kiwe changu, na yule abaki na cha uongo.

Wenzake wakanywa kahawa.

Gari la samaki lilipanda kutoka pwani, kipaza sauti kikiita, na wanawake wakatoka na mabakuli. Mchuuzi alikuwa mgeni, wiki yake ya pili tu kijijini. Alipomaliza kuwahudumia alikuja hadi kwenye benchi na mfuko mkononi.

— Wazee, mume wa Argyro ni nani hapa? Mama huyo aliniagiza pweza, akasema atanisubiri hapa hapa saa nne. Mbona simwoni, mkewe yuko wapi?

Wakili alimtazama Lefteris. Lefteris alitazama kikombe chake. Despina, ambaye hujua habari za kila nyumba, aliingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Manousos alisimama, akampokea pweza, mfuko ukimchuruzikia kiatuni. Alfajiri alitoka nyumbani kwa hasira, na hakugeuka kutazama kama Argyro bado yupo kitandani.

— Sijui, alisema, na hilo hata Wakili hakulipinga.