Dada Leonsia na Habari ya Nahodha Josephat

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Bi. Leonsia Kokulinda, Mhariri wa Habari wa gazeti letu la Mwanga wa Ziwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Alianza mwaka 1994 kama msahihishaji, katika chumba kimoja Mkuyuni kilichovuja kila masika. Amewafundisha kazi waandishi zaidi ya arobaini. Wengi wetu alitutoa machozi kwanza, shukrani zikaja baadaye sana.

Sisi Wasukuma tulimtania kwamba ndiye Mhaya pekee Nyamagana asiyejisifu. Alicheka, kisha akaturudishia kazi ikiwa imejaa wino mwekundu.

Neno lililomkera ni stori. Katika chumba cha habari kila mtu ana maana yake: kwa mwandishi ni tukio alilolipata, kwa msanifu kurasa ni nafasi ya kujaza, kwa watu wa mauzo ni kile kitakachomaliza magazeti kabla ya saa nne. Ukiingia mbio ukisema una stori, Dada Leonsia alikuuliza ni ya nani. Kama huna jina la mtu, ulirudi ulikotoka.

Ndipo akaweka utaratibu wake. Habari yoyote yenye marehemu, mwandishi anaipeleka msibani kabla haijachapwa, anakaa na wafiwa, anawasomea yote. Tulilalamika kwamba tunachelewa. Hakujali.

Mwaka 2011 mimi, Mashimba, niliuvunja. Mtumbwi uliotoka gulioni ulipinduka na watu tisa wakafa, nahodha Josephat Kashindye akiwa mmoja wao. Pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, mtu mmoja aliniambia nahodha alikuwa amelewa. Nikafurahi, nasema ukweli, maana nilijua nimepata stori kubwa. Dada Leonsia aliponiuliza kwa simu kama nimeisoma msibani, nikajibu ndiyo. Ikatoka ukurasa wa kwanza.

Josephat alikuwa Msabato, hakuwahi kuonja pombe. Ningekwenda nyumbani kwake Mabatini, mkewe Selina angeniambia kabla sijamaliza aya ya pili. Sahihisho lilitoka siku nne baadaye, mistari miwili, chini ya matokeo ya mpira. Nani alilisoma? Wafiwa wa wale wanane waliacha kumsalimia Selina. Watoto wake wakaitwa watoto wa mlevi mpaka wakahama shule.

Dada Leonsia alibeba lawama zote mbele ya mkurugenzi, akashushwa cheo kwa miaka miwili. Uongo wangu hakumwambia mtu. Kila Desemba alikwenda Mabatini kumwona Selina, na kila Desemba aliniuliza kama tunakwenda wote. Miaka kumi na minne nilikuwa na kazi nyingi.

Nilipopewa kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, nikaona siwezi kumweleza mwanamke huyu na kuruka jambo hilo. Nikamwonyesha. Akasoma taratibu, akasema: “Humu ndani kuna marehemu, Mashimba. Utaratibu unaujua.”

Basi Jumamosi nilikwenda. Selina nilimwamkia shikamoo ingawa tunalingana umri, kwa sababu sikujua nimwambie nini kingine. Akaitikia, akanipa kiti. Nikamsomea yote niliyokuwa nimeandika mpaka siku ile. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikaona aibu kulia katika nyumba ile. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Alitaka sentensi moja iongezwe, na wasifu wote uwekwe mahali palepale ulipowekwa uongo.

Nilimpelekea Dada Leonsia ujumbe huo. Kazi yake ya mwisho hapa ilikuwa kuondoa hotuba ya mkubwa mmoja ukurasa wa kwanza ili huu uingie. Ndiyo maana unausoma hapa.

Dada Leonsia, asante kwa kutuvumilia. Nenda kapumzike Kagera, ule senene bila simu ya ofisi kukusumbua, Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Desemba nitakwenda Mabatini mimi.

Na hii ndiyo sentensi ya Selina, kama alivyoisema: Mume wangu Josephat Kashindye hakuwa amelewa, injini ilizima, na aliwatoa watu sita majini kabla hajazama yeye.