Upepo wa Kisigino

Kosa la Bi Wanu lilikuwa moja tu. Basi lilipotoka Jambiani, alimwambia kijana aliyekaa naye kwamba mumewe, Ame, katia gari yao ya mwani ringi kubwa, na sasa tairi mpya zinalika pembeni.

"Upepo anatia kiasi gani?" aliuliza kijana, aliyejitaja kuwa ni Mudrik.

"Ule ule ulioandikwa kwenye mlango wa gari. Halafu huzipiga kisigino. Zikilia vizuri, zishatosha."

Mudrik aligeuka mzima mzima, kama aliyetukanwa yeye.

"Mama, karatasi ya mlangoni inazijua tairi zilizokuja na gari! Hizi za leo itazijulia wapi? Na kisigino! Mtu mzima, geji za upepo zipo, anapima kwa kisigino!"

"Kisigino hicho kimetufikisha mjini miaka tisa."

"Kwa tairi ndogo! Hizi mtafute kipimo chake, mzipime asubuhi zikiwa baridi. Mkipakia mwani mbichi na upepo huo, mtakuja kuua watu!"

"Kwani umemwona nani kafa?"

Waliteta hivyo hivyo mpaka Darajani, mjini, na abiria wengine wakajua habari zote za gari ya Ame.

Basi liliposimama, Mudrik alishuka kwa hasira. Alipofika kwenye gurudumu la nyuma akasita, akalipiga kisigino, akatega sikio.

Bi Wanu alitoa kichwa dirishani.

"Haya, mwanangu, limekwambia ngapi?"