Mama Hebu Nione na Majaribio Matatu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi ya mitihani ya chuo chetu cha uuguzi, Mama Hebu Nione anakabidhi funguo. Tuna hakika atazihesabu mara mbili kwanza.

Jina hilo alilipata kihalali. Kila asubuhi aliilinganisha saa ya ukutani na ya mkononi, na ya mkononi nayo hakuiamini. Chuo kilipohamia kwenye jukwaa la mtandaoni, tulimweleza kwamba mashine itasahihisha maswali ya kuchagua, nasi tutabaki na insha na mijadala. Akauliza mashine yenyewe itasahihishwa na nani. Tulicheka sana.

Mwaka jana wanafunzi kumi na tisa walifeli mtihani wa vipimo vya dawa, ikabidi warudie mwaka. Ofisi nzima ilinusa wizi wa majibu, maana wengi walipata sifuri jaribio la kwanza, na la mwisho wakapata tisini. Yeye alitushuku sisi. Alichukua daftari, akachora safu tatu, akaanza kunakili alama za kila jaribio.

Mwandishi wa wasifu huu naye alimshuku Mama kwamba anataka kumwokoa mpwa wake, aliyekuwa miongoni mwa waliofeli. Akapeleka umbeya kwa mkuu wa idara, Mama akasimamishwa kusahihisha wiki mbili. Aliendelea na daftari lake kantini, akifunika kurasa kwa kiwiko kila mtu alipopita.

Wanafunzi walikuwa wameahidiwa majaribio matatu, ihesabiwe alama ya juu kabisa. Daftari likafichua kwamba jukwaa lilipangwa kuhesabu jaribio la kwanza, ambalo wengi walilifungua ili kuchungulia maswali tu. Alama ziliporekebishwa, kumi na wanane wakafaulu. Mpwa wa Mama alifeli yote matatu, na shangazi mtu akaiacha alama ilivyo. Nasikia mpaka leo binti huyo hamsalimii vizuri.

Kwenye ripoti aliandika “kosa la mpangilio”, bila kutaja mtu. Aliyebofya mpangilio ule ni mimi, na jukwaa hutunza jina la kila anayebofya. Aliliona. Mwaka mzima kila aliponikaribisha chai nilihisi mtego, kumbe ilikuwa chai tu.

Ahsante, Mama. Tunakuombea ustaafu wenye afya na raha. Saa ya ukutani tutailinganisha sisi. Mara mbili nilifika mezani kwako kuomba radhi, nikaishia kuazima kalamu. Hili ni jaribio la tatu. Naomba uhesabu la juu kabisa.