Pengo la Lumuma na Mwenzetu Herman

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni yetu ya kusambaza dawa, shikamoo. Viongozi wote, itifaki imezingatiwa.

KARIBU MIKUMI

Sisi wachambuzi wa takwimu wa mkataba tunakukaribisha kwa mikono miwili. Vigelegele utatusamehe. Tumetoka msibani.

TULIKOTOKA

Tulianza na kompyuta mbili katika chumba cha gesti kando ya barabara kuu, lori likipita ukuta unatetemeka. Herman ndiye aliyetufundisha wengi wetu kutengeneza ripoti. Ni mtoto wa milimani, mpole, ila namba ikikaa vibaya hali chakula.

MAFANIKIO

Ripoti yetu huonyesha dawa zilizopo kila zahanati tunayoihudumia: kijani zipo, nyekundu zimekwisha. Makao makuu mmeisifu sana kwamba haina pengo. Tulizipokea sifa hizo, na leo zinatuchoma.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, pengo lipo. Mvua ikikata barabara, takwimu haziji. Masika haya Herman alimwambia msimamizi, "Bosi, zahanati ya Lumuma hawajaleta."

Akajibiwa, "Weka za mwezi uliopita. Makao makuu hawataki kuona pengo."

Akaweka, kama tuwekavyo sote.

Haukupita muda, mjomba wake, mzee Onesphory, akaumwa na nyoka shambani. Ndugu walikuwa wameshaanza safari ya kumpeleka hospitali Berega. Herman akafungua ripoti, akaona kijani, akapiga simu: "Geuzeni, nendeni Lumuma. Ni karibu, na dawa ya nyoka ipo."

Alishasahau kwamba kijani kile alikipaka mwenyewe. Walikuta kabati tupu, na mzee akafia pale pale kwenye benchi.

Filomena, mkaza mjomba wa Herman, hajamlaumu hata kwa neno moja. Bado anamletea chakula, na hicho ndicho kinachommaliza.

MAOMBI

Tunaomba pengo liachwe wazi, lionekane, mtu apande pikipiki akaulize.

La pili ni Herman mwenyewe. Tumesikia barua ya kumwachisha kazi kwa uzembe imeshaandikwa, inasubiri saini yako leo. Mikataba yetu inakaribia kwisha, na risala hii inaweza kutuponza. Liwalo na liwe. Alichofanya Herman tumekifanya sote, kwa maagizo. Ukiisaini yake, mgeni rasmi, andika na zetu.

Mungu akufikishe salama nyumbani kwako, na amrehemu mzee Onesphory.

Ni sisi,
Wachambuzi wa Takwimu wa Mkataba, Ofisi ya Mikumi.
Imesomwa kwa niaba yao na Naomi.